Kaka, usilipie kwanza hiyo gari

Kaka mambo,

Picha za gari nimeziona, ni nzuri kweli, na najua ulivyoitafuta. Ila umeniuliza habari za matairi, taa, sijui na hema la juu, hujaniuliza kabisa mafuta, na mimi ningeanzia hapo hapo. Unaenda njia ambayo kutoka sheli moja mpaka nyingine ni siku mbili za mwendo, kwa hiyo jiulize kule mwisho kabisa dizeli utakayoikuta imekaa kwenye pipa muda gani na limefunikwa na nini, ndo utafute injini inayoweza kuyanywa hayo mafuta.

Hiyo uliyoipenda ni komonreli, yaani injini ya dizeli ya kisasa, pampu inajaza mafuta ya presha kubwa kwenye bomba moja linalolisha nozeli zote, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Pampu yake inasukuma kwa presha ya bar 1,800 hadi 2,000, na upenyo kati ya vyuma vya ndani ya nozeli ni maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Vumbi usiloliona kwa macho linakwangua mle ndani. Maji ndo mabaya zaidi, maana kinacholainisha ile pampu ni dizeli yenyewe, sasa likipita tone la maji chuma kinasuguana na chuma, unga wake unasambaa mpaka kwenye nozeli zote, hapo hubadilishi kifaa kimoja, unabadilisha mfumo mzima, na porini utampata wapi fundi mwenye mashine ya kuzipima?

Af kuna salfa. Ulaya tangu 2009 dizeli ya magari haitakiwi kuzidi sehemu 10 za salfa kwa milioni, na gari yako imeundwa kwa mafuta ya namna hiyo, ila kuna sehemu za dunia bado wanauza yenye mamia hata maelfu. Ile filta ya masizi kwenye ekzosi haiwezi maisha hayo, katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, inadhoofika, masizi hayaungui vizuri, taa inawaka kwenye dashibodi na gari inakosa nguvu uko katikati ya mchanga. Kama inatumia na urea, ile dawa ya maji ya kusafisha moshi, ndo usiseme, ikiisha ukazima, kompyuta inakataa kuwasha.

Mimi natembelea injini ya zamani, 1HZ ya Toyota, lita 4.2, silinda 6, haina turbo, farasi wapatao 130 tu. Mlimani inachoka na mafuta inakula, hilo sikufichi. Ila pampu yake ni ya kimakanika, na hiyo ndo iliyonirudisha nyumbani. Kuna siku nilijaza kutoka kwenye pipa giza limeshaingia, nimechoka, sikukagua. Asubuhi iliwaka vizuri, baada ya kilometa nne hivi ikaanza kutetemeka, ikazima. Nikafungua koki ya chini ya filta nikakinga na chupa iliyokatwa, nusu ya chini maji matupu, juu dizeli ya njano, na katikati utando mweusi unateleza kama kamasi, ni vile vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Nikamwaga, nikafunga filta mpya, nikapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, nikalegeza nati za paipu za nozeli kwa spana namba 17 hewa itoke, mwenzangu akawa anapiga stata mpaka mapovu yakaisha. Lisaa limoja na nusu tukaondoka. Kwenye komonreli usijaribu hivyo hata siku moja, dizeli ikiruka kwa presha ile inapenya ngozi.

Sisemi injini ya zamani inakunywa chochote. Nayo maji yanaiua, inachelewa tu, na salfa ikiungua inageuka asidi kwenye oili, kwa hiyo ukiwa sehemu zenye dizeli chafu mwaga oili kila kilometa 5,000, usisubiri 10,000.

Ukishikilia hiyo hiyo ya kisasa, basi ifungiwe kitenganisha maji chenye kikombe cha kuonekana ndani, kabla ya filta kubwa, na ubebe filta nne. Jaza pale malori yanapojaza, maana hapo mafuta hayakai, na ukikuta tenka linashusha subiri au pita, uchafu wote wa chini unakuwa umetibuliwa. Kwenye mapipa mimina kwanza kwenye chupa nyeupe ya kuonekana ndani, iache dakika 15, maji yatashuka chini. Ila dizeli ikiwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa chupa haitakuonyesha, hayajitengi, na yanapunguza ule ulainisho pampu inaoutegemea, hapo pua yako ndo kipimo.

Nitumie namba ya injini na picha ya chini ya boneti upande wa filta. Muuzaji mwambie utamjibu Jumamosi, hela ya advansi kaa nayo.

Ndugu yako.