Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania: Filamu ya wagonga kokoto irudi Kunduchi

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, mzaliwa wa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu filamu moja ya dakika 45 iliyopigwa kwetu, ambayo majirani zangu hawajapata kuiona.

Inaitwa These Hands. Aliyeiongoza ni Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling, na ilitoka mwaka 1992. Kwa Kiswahili tungeiita Mikono Hii. Inaonyesha wanawake wakigonga kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Ndani yake hakuna msimulizi, wala mtaalamu aliyekaa ofisini akitueleza umaskini ni nini. Unaona nyundo na jiwe, unasikia nyimbo, na unaona kazi ambayo ikiisha inaanza tena.

Mama yangu aligonga kokoto huko kwa miaka kumi na mmoja. Yeye hakuwa mkimbizi, alitoka Newala akiwa msichana. Lakini wengi aliokaa nao chini ya kibanda kimoja cha makuti walikuwa wamevuka Ruvuma wakikimbia vita. Kuelewana hakukuwapa shida, maana Mmakonde ni Mmakonde ng'ambo zote mbili za mto. Vita vile vilianza mwaka 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru wa Msumbiji, na mkataba wa kuvimaliza ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, mwaka uleule filamu ilipotoka. Maana yake kamera iliwakuta wanawake wale wakiwa katikati ya mambo, kabla hawajajua kama watarudi kwao au watazikwa Dar es Salaam. Mwaka mmoja baadaye ingekuwa filamu nyingine kabisa.

Mimi nilisomeshwa kwa ndoo za kokoto. Najua kazi ile inavyofanyika kwa sababu nilikuwa nakaa pembeni yake kila nikitoka shule. Mama alikata kipande cha tairi kuukuu akakikunja kama pete, akakibana kwa mkono wa kushoto kuzunguka jiwe, ili vipande visirukie machoni. Mkono wa kulia una nyundo. Anapiga, anageuza, anapiga tena mpaka jiwe limekuwa punje zinazotakiwa, kisha anasukuma kwenye rundo na kuchukua jingine. Siku nzuri lori linakuja, kokoto zinapimwa kwa ndoo, pesa inatoka. Siku mbaya rundo linalala palepale na mwenye lori anasema bei imeshuka. Kucha ya kidole gumba cha mkono wake wa kushoto ilitoka nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo haijaota vizuri.

Habari za filamu hii nilizipata nikiwa mtu mzima wa miaka 34. Binamu yangu alikuwa anasoma Marekani, akaikuta kwenye maktaba ya chuo chake. Msambazaji wake huko alikuwa California Newsreel, shirika lililokusanya sinema za Kiafrika na kuzisambaza kwa vyuo na maktaba. Binamu akaja likizo na diski ya kuazima. Tukaweka kompyuta juu ya stuli, mama akakaa mkekani, mgongo ukutani.

Dakika za mwanzo hakusema neno. Halafu alifumba macho, nikadhani kachoka. Kumbe anasikiliza. "Hilo jiwe bichi," akasema. Akanifafanulia kwamba jiwe lenye unyevu ndani linapokea nyundo kwa sauti nzito, na jiwe kavu linalia kama chungu kilichogongwa ukucha. Wanaimba, naye akaanza kuitikia taratibu. Karibu na mwisho aliiweka mikono yake mapajani, akaigeuza viganja juu, akaiangalia muda mrefu kuliko alivyoiangalia skrini.

Filamu ilipokwisha akaniuliza swali moja: "Na wenyewe waliiona?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ndugu Katibu Mtendaji, barua hii nzima inatokana na swali hilo.

Mwezi uliofuata nilikwenda ofisi moja ya umma mjini, ambayo sitaitaja, kuuliza wapi mwananchi anaweza kuona filamu za zamani za Watanzania. Nikaambiwa nilete barua. Nikapeleka barua. Nikaambiwa mhusika yuko safari. Nilirudi mara tatu. Sileti lawama kwa mtu yeyote, wale vijana wa mapokezi walikuwa na adabu zao. Nasema tu kwamba kitabu kikichapishwa nchini, mchapishaji anatakiwa kupeleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, na mwanafunzi wangu akikihitaji najua pa kumwelekeza. Filamu iliyobeba maisha ya mama zetu haina mlango kama huo.

Na hili lina haraka, maana picha za zamani zinaoza. Utepe wa filamu ukikaa kwenye joto na unyevunyevu unaanza kutoa harufu ya siki, unajikunja, unasinyaa, na ukishafika hapo hakuna dawa ya kuurudisha. Kanda za video za miaka ya 1980 na 1990 nazo zinachuja na kushikana. Na hali ya hewa ya Dar es Salaam unaijua: joto na chumvi ya bahari mwaka mzima. Tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu mwaka 1968, tukawa na Taasisi ya Picha na Sauti, tukawa na magari ya sinema yaliyofika vijijini ambako umeme ulikuwa haujafika. Kazi hizo zote ziliingia kwenye tepe. Kila mvua ya masika inayopita inapunguza kilichobaki.

Nakuomba basi, Bodi ishirikiane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sheria ya mwaka 2002 inaitwisha idara hiyo jukumu la kutunza kumbukumbu za nchi, na kwangu mimi dakika 45 za wagonga kokoto ni kumbukumbu ya nchi sawa na faili lolote la wizara. Zitafutwe kazi za Flora M'mbugu-Schelling popote zilipo, tukianzia Kumekucha ya mwaka 1987 inayohusu kazi na harakati za wanawake, mpaka hii ya Kunduchi. Mwenye haki aulizwe, alipwe anachostahili, nakala ya kidijitali iingizwe nchini kwa njia halali. Ziwekewe maandishi ya Kiswahili. Inaniuma kwamba mtu aliyeko California aliwekewa maandishi ya kumsaidia kuelewa nyimbo za mama zangu, na mtoto wa Mtongani asiyejua Kimakonde hakuwekewa.

Kwa nini nasisitiza filamu za makala zilizoongozwa na wanawake? Kwa sababu nimeanza kuzitafuta, na nimeona kitu. Tazama jirani zetu wa Kenya. Judy Kibinge alikwenda Wajir kuwasikiliza walionusurika mauaji ya Februari 1984 kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako askari wa serikali waliua raia Wasomali, akatoa Scarred mwaka 2015, miaka 31 baada ya tukio ambalo watu walizoea kulitaja kwa kunong'ona. Maia Lekow, pamoja na Christopher King, walitoa The Letter mwaka 2019 kuhusu wazee wa Kilifi wanaosingiziwa uchawi, mara nyingi na watoto wao wenyewe wanaotaka shamba. Kenya iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha kwenye Oscar. Sisi wenye vikongwe waliodhaniwa wachawi na kuuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni, kule Usukumani, hatuna haja ya kufafanuliwa filamu hiyo inasema nini.

Halafu yupo Beryl Magoko, Mkurya wa Kenya. Mwaka 2012 alitoa The Cut, kuhusu ukeketaji katika jamii yake mwenyewe. Mwaka 2018 akarudi na In Search, safari hii akijiweka yeye mbele ya kamera na kusema alichofanyiwa akiwa mtoto. Wakurya hawaishii mpakani. Tarime ya kwetu ni kwao kama Kehancha ya Kenya. Sisi tulipiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998, na bado kila msimu wa tohara unapokaribia, wasichana wa Mara wanakimbilia nyumba salama. Semina zimefanyika nyingi. Lakini binti wa Kikurya akimsikiliza mwanamke wa Kikurya, kwa Kikurya, akisema "na mimi nilifanyiwa", hakuna bango la semina litakalomfikia kwa namna hiyo. Filamu kama hizo zingefaa zioneshwe Sirari na Nyamongo kabla hazijaoneshwa mahali pengine popote nchini mwetu.

Sisemi mwanamume hawezi. Nasema kwamba mwanamke akiingia na kamera jikoni, shimoni kwenye mawe, au kwenye chumba ambamo bibi anakandwa mgongo, kazi haisimami kumpisha mgeni. Mama yangu aliniambia hilo bila mimi kumuuliza: "Huyu aliyepiga alikaa nao. Mtu asipokaa na wewe, unajitengeneza."

Wapo wasichana Watanzania wenye macho ya namna hiyo leo. Wawili niliwafundisha mimi. Wanachokipata ni kazi za miradi: wapige wanufaika, waweke sauti ya msimulizi juu yake, wamalizie na nembo za wafadhili, na mwanamke aliyeongea saa mbili anabakiziwa sekunde kumi na mbili za kushukuru. Siwalaumu, ndiko kwenye kodi ya nyumba. Lakini filamu hizo mama yangu hawezi kuzifumbia macho na kuzisikiliza, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kunyamaza ndani yake.

Hapa ndipo Bodi inaweza kufanya makubwa kwa kugeuza mambo madogo. La kwanza ni kibali cha kupiga filamu. Mwandaaji wa tamthilia anajua mhusika wake atasema nini, kwa hiyo muswada wa kuombea kibali anao. Mwandaaji wa makala anakwenda kusikiliza. Akishajua kabla ya kufika watu watasema nini, hana sababu ya kwenda. Basi utaratibu wa makala utengwe na ule wa filamu za kuigiza, utosheke na maelezo ya mada, mahali na ridhaa ya wanaopigwa picha, na ada yake iwe ile ambayo binti wa miaka 24 mwenye kamera ya kuazima anaweza kuilipa.

La pili ni fedha. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umefanya vizuri kufungulia wasanii mikopo, nami nafahamu watu walionunua vifaa kwa mikopo hiyo. Ila filamu ya wagonga kokoto hairejeshi mkopo. Itengewe ruzuku, hata kama ni ya filamu tatu tu kwa mwaka. Nairobi kuna Docubox, mfuko wa filamu za makala ulioanzishwa na Judy Kibinge, na vijana wetu wanapanga foleni huko wakati masimulizi yenyewe yako Kilwa, Kondoa na Ujiji.

La mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Machimbo ya Kunduchi yamebadilika. Mashimo mengine yamefukiwa na nyumba zimejengwa juu yake, ukuta na geti. Lakini kina mama wa enzi zile wapo. Baadhi ya wale wa Msumbiji hawakurudi, wakaolewa hapa, wajukuu zao nawafundisha kidato cha pili. Jijini humu kuna maghorofa yaliyosimama juu ya zege lililochanganywa na kokoto zao, na hakuna jiwe hata moja lenye jina lao.

Naomba filamu ioneshwe Mtongani. Hatuhitaji ukumbi. Shule yetu ina projekta, shuka jeupe tutapata, na mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira hapo jirani amenikubalia kutoa spika na jenereta jioni yoyote isiyo na mechi ya Simba wala Yanga. Viti nitaazima msikitini na kanisani. Kina mama wakae mbele. Tunachokosa ni nakala halali na ruhusa, na vyote viwili vinaweza kuanzia mezani kwako.

Mama ana miaka 73. Jicho la kushoto limeshaingiwa na mtoto wa jicho, la kulia bado linaona. Nilipomwambia naandika barua hii aliniagiza niulize kama itakuwa kabla ya masika, kwa sababu ikinyesha ile njia ya bondeni haipitiki na wenzake wawili wanatembelea fimbo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kiswahili
Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam