Oili chafu haikuwa dawa ya upele

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu likiuzwa shilingi 200 na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya mbwa wenye upele nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wako kamhoji fundi pikipiki, fundi kasema dawa ni oili chafu, nanyi mkaichapa hivyo hivyo bila kumuuliza hata bwana mifugo mmoja.

Mwaka jana paka wangu aliota magamba kwenye ncha za masikio, yakashuka mpaka usoni, akawa anajikuna usiku kucha hadi damu. Nikiwa msibani Pangani, jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akampaka hiyo oili kutoka kidumu cha gereji. Sasa paka, mhariri, huoga kwa kujiramba. Nilimkuta uvunguni, manyoya yamegandamana kama brashi ya viatu, ulimi mweusi, anatapika. Siku ya tatu nikamzika nyuma ya choo. Upele ule ni utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaochimba ngozi na kutaga humo humo; yai hadi mdudu mzima ni kama wiki tatu, ndiyo maana dawa ya kweli hurudiwa. Tena mbwa wana upele mwingine, wa demodeksi, utitiri wa aina nyingine, ambao hata hauambukizi mbwa wenzao. Huo nao tuumwagie oili? Fundi wenu aliujuaje, kwa kunusa?

Na maduka ya dawa za mifugo yasijifiche nyuma ya gereji. Kabla sijasafiri niliulizia dawa ya paka, nikaletewa sindano ya ng'ombe: "Kadiria tu, mama." Paka wa kilo 3! Duka la pili wakanipa dawa ya viroboto ya mbwa, yenye permethrini, ambayo mbwa anaivumilia na paka inamuua. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na ndiyo hasara niliyoipata.

Ombi langu ni dogo. Kila Jumamosi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, bwana mifugo akae sokoni na hadubini ya kuutafutia utitiri, wembe wa kukwangulia ngozi, na tone moja la mafuta safi juu ya kipande cha kioo cha kuwekea ukwanguo. Hiyo ndiyo oili pekee ninayoitambua. Naye mwandishi wako akiota chunusi, gereji anaijua.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga