Talanta ilikuwa hela, mhariri

Mhariri salaam,

Mi ni fundi maandishi hapa Kirumba, naandika majina kwenye mitumbwi na mabango ya maduka, na gazeti lenu huwa nalisoma nikisubiri rangi ikauke. Sasa wiki iliyopita mmeandika habari ya vijana wa soka wa hapa Mwanza, nikahesabu, neno talanta limetokea mara 9 na neno malipo halipo hata mara moja, ndo nikasema leo niandike.

Maana hili neno limeshanila. Mwezi jana alikuja jamaa anataka bango la mashindano, KUZA TALANTA YAKO, futi 12, nikamtajia bei, akacheka akasema kaka we una talanta bana, hii kwako dakika kumi tu, chukua nusu. Yaani kwa vile mkono wangu hautetemeki basi kazi haina gharama! Na wale watoto watakaopanda jukwaani nikasikia nao hawalipwi kitu, eti wanakuzwa.

Wanaosoma Biblia wanajua, Mathayo 25, mmoja kapewa talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja akaenda kuifukia. Ile haikuwa sauti tamu wala mguu wa kushoto, ilikuwa pesa. Neno la Kigiriki, mwanzo lilikuwa uzito wa kwenye mizani, baadae fedha ya uzito huo, na talanta moja ya kule Athene ilikuwa kama kilo 26, sawa na drakma 6,000, sarafu zao za fedha. Kilo 26 za fedha tupu, hebu ziwazie pale soko la samaki Mwaloni kwenye mizani ya dagaa. Wahubiri wa Ulaya wakawa wanaufundisha ule mfano kwamba ni uwezo Mungu aliokupa uutumie, taratibu Waingereza wakabaki na fumbo, hela wakaiacha, talent ikawa ni kile ulichozaliwa nacho.

Binti yangu anasomea ualimu wa Kiingereza, akanionesha kwenye simu kwamba mwaka 1832 mshairi wao Coleridge alikasirika kusikia watu wanasema fulani ni talented, yaani katalantiwa, akauliza kama ndo hivyo mbona tusiseme mtu kashilingiwa. Nilicheka brashi ikadondoka kwenye mchanga. Yeye alikuwa anagombana na sarufi tu, ila mi nikasema jamani, hiyo ya kushilingiwa ndo ninayoitaka!

Kenya serikali yao ina mpango unaitwa Talanta Hela, angalau wao maneno wameyarudisha pamoja, ya mfukoni mtawauliza wenyewe. Sisi tukiona talanta ni ya kizungu tunasema kipawa, ambalo ni kupewa hukohuko, na mtu akishapewa hakuna anayeuliza nani alimfundisha. Afadhali wazee wa Kisukuma, vyama vyao viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana, upande ukivuta watu wengi walisema dawa yao kali. Dawa si inatafutwa, unaifuata kwa mganga na mkononi una kitu.

Mi nilifundishwa na baba mdogo, miaka miwili sikugusa mtumbwi wa mtu, ni chaki na ubao mbovu, herufi S peke yake. S kwenye mtumbwi ni adui, mbao zinapishana, kwenye mshono kuna kalafati ya kuzibia maji imevimba, brashi ikifika pale inaruka na tumbo la S linavunjika, sasa inabidi upunguze rangi kabla hujafika na ubane pumzi uvuke. Baba mdogo akiona imevunjika haongei, anakurushia tambara lenye mafuta ya taa, unafuta lote, hata kama zimebaki herufi mbili. Mikono yangu ilinuka taa hadi kwenye ugali, mama akawa ananitengea sahani yangu.

Lile bango sikulifanya, kalifanya mwingine.

Ombi langu mhariri, mkirudi kwa wale vijana waulizeni nauli ya kutoka Buhongwa mpaka uwanjani Kirumba analipa nani, viatu kanunua nani, na kocha anakula nini, halafu muandike hayo kabla hamjaandika talanta ya 10.

Fundi maandishi,
Kirumba, Mwanza