Mpwa wangu achague mkondo gani chuoni?

Mhariri, asalaam aleikum. Mimi msomaji wenu wa hapa Amu, kisiwani Lamu, gazeti hutufikia jua limeshapinda lakini twalisoma hivyo hivyo, leo nina jambo naomba mlitie gazetini.

Nina mpwa wangu yuko bara yunivasiti, anasoma uanahabari na mawasiliano, yuamaliza mwaka wa pili na chuo kimewapa fomu wachague mkondo wa miaka miwili iliyobaki: magazeti, redio na runinga, uhusiano mwema, matangazo ya biashara ama hiyo ya mitandao. Fomu yenyewe ni visanduku tu, weka tiki basi, hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza kila mkondo una nini ndani. Sasa kila usiku baada ya isha simu yalia, mjomba nijaze nini.

Nyumbani maneno yalishakatwa zamani. Mamake ataka runinga, amuone mwanawe akisoma habari za saa moja na majirani waone. Ami yake asema uhusiano mwema, kaunti na mahoteli ya Shela yanataka watu hao na mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, hapo sibishi, ni kazi ya halali, ila ni kazi ya kumsemea bosi.

Mimi nikamwambia achukue magazeti, na najua (niwie radhi mhariri) magazeti yenyewe siku hizi yanazidi kukonda na watu wanaachishwa kazi. Lakini tazama mambo ya hapa kwetu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi karibu 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya ile bandari mpya ya Lamu iliyowaharibia uvuvi wao, halafu Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, ule wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, ikafutwa, na sababu mojawapo kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hukumu zote hizo ni Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, na sisi pale barazani tulikuwa twategemea aliyesikia kwa aliyesikia, huyu asema pesa zishatoka, mwengine asema zishaliwa, mpaka watu wakanuniana. Tungekuwa na mtoto wetu mmoja wa kuzifungua zile karatasi akatwambia kwa Kiswahili hapa pamesemwa hivi na hapa hapakusemwa kitu, yale maneno yangeisha siku ile ile.

Kushika maiki utafunzwa hata ukienda atachimenti, yale mafunzo ya kazini, wiki chache ushazoea. Lakini kusoma ripoti ya mazingira ama bajeti ya kaunti ukajua swali la kuuliza, hilo lataka mwalimu wa kukurudishia kazi yako imejaa wino mwekundu.

Nilipomwambia hivyo akacheka, mjomba siku hizi ripota ni huyo huyo mmoja, aandika, apiga picha, akata video kwa simu yake njiani kabla hajafika ofisini, na masomo ya mkondo yenyewe ni machache, sheria za habari na maadili na utafiti twasoma sote pamoja. Hapo alinibwaga kidogo, sikatai. Nikamwambia basi akaulize idara kama ataweza kuchukua magazeti na kuongeza darasa moja la video, bado hajajibiwa. (Na ripoti zote huandika kwa Kiingereza, Kiswahili chake cha Amu nshaanza kukisikia kina kutu, lakini hiyo ni barua nyengine.)

Sasa mhariri, hapo ofisini kwenu hakosi mtu aliyesomea redio akaishia gazetini, ama aliyesomea magazeti na leo yuko runingani. Naomba mmoja aandike ni darasa gani lilimfaa kazini na lipi lilikuwa la kujazia tu, aandike wiki hii kama yawezekana, maana fomu yarudishwa Ijumaa.

Mjomba wa mwanafunzi,
Langoni, Lamu