Barua ya wazi kwa Rekta wetu: kompyuta bila fundi haiokoi kazi ya mtafiti

Lubumbashi

Mheshimiwa Rekta,

Shikamoo. Mimi ni mmoja wa mafundi wa kompyuta wa chuo unachokiongoza. Miaka kumi na mmoja sasa ninaingia na kutoka katika maabara na ofisi za watafiti, nikibeba bisibisi, flashi ya kusafishia virusi na daftari langu. Jina la chuo sikuliandika humu, kwa sababu sitaki kukiaibisha. Nataka kitengenezwe. Nimekuandikia mara mbili kwa njia ya kawaida, barua zikapigwa muhuri wa kupokelewa, zikakaa. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Nianze na siku moja ya mwezi wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mlango ukafunguliwa, akaingia mhadhiri wa ngazi ya Chef de Travaux (CT), yaani ngazi iliyo chini ya profesa, yule ambaye ofisini kwetu wote tunamwita Mama CT. Alikuwa ameifunga kompyuta yake ndani ya kitenge kama mtoto, yeye mwenyewe amelowa. Akaiweka mezani, hakutaka kiti. Nikaiwasha, nikatega sikio. Tik, tik, tik. Kila fundi anaijua sauti hiyo: kichwa cha kusomea diski kinatafuta mahali pake hakipaoni, kinarudi, kinajaribu tena. Nikazima papo hapo, maana kila dakika ya ziada inaweza kukwangua kilichobaki. Akaniuliza, "Papa fundi, itapona?"

Ndani ya diski ile kulikuwa na miaka minne ya kazi. Mama CT anapima udongo na mboga za bustani zetu: lengalenga, matembele, sombe, zile tunazokula na bukari kila siku. Alichukua sampuli katika mitaa mbalimbali, hasa upande ule ambako kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba, kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Anatafuta metali ndani yake: shaba, kobalti, risasi. Watoto wa mji huu wanakula nini? Hilo ndilo swali lake, na sijui swali lenye maana kuliko hilo kwa mji kama wetu.

Diski haikupona. Tulichookoa ni majedwali ya miaka miwili ya kwanza, kwa sababu alikuwa ameyatuma kwa barua pepe kwa promota wake, yaani msimamizi wa utafiti wake, aliyeko Ubelgiji. Mengine aliyanakili upya kutoka madaftari ya shambani, yeye na wanafunzi wawili, miezi mitano. Namba zilizotoka moja kwa moja kwenye mashine ya maabara, ambazo hazikuwahi kuandikwa kwenye karatasi, zimekwenda. Kompyuta tutanunua nyingine. Mvua za mwaka ule, na udongo ulivyokuwa mwaka ule, vitanunuliwa wapi?

Na asije mtu kusema Mama CT alizembea. Mwaka mmoja kabla alikuja kuniuliza aweke wapi nakala. Nikamwambia anunue diski ya nje, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Akainunua kwa pesa zake. Ikaibiwa pamoja na mkoba wake ndani ya basi dogo la kwenda Ruashi. Kanuni ya kazi yetu inasema nakala ziwe tatu, zikae katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo. Ni kanuni rahisi, mtoto wa shule anaielewa. Lakini mtafiti mmoja hawezi kuitimiza kwa mfuko wake, na mimi siwezi kuitimiza kwa bisibisi. Chuo ndicho kinaweza.

Mheshimiwa Rekta, ofisi yetu ya kompyuta inafanya kazi, sitaki kuwasema wenzangu vibaya. Lakini angalia tunafanya nini: kuandikisha wanafunzi, malipo ya karo, orodha za matokeo. Kipindi cha delibereshoni, yaani vikao vya kupitisha matokeo ya mitihani, kikifika, sisi wote tunachukuliwa wiki nzima nzima, na maabara zinabaki bila mtu. Mtafiti ndiye wa mwisho kwenye foleni, kwa sababu kilio chake hakisikiki barabarani. Mwanafunzi asiyeona jina lake kwenye orodha atapiga kelele. Mtafiti aliyepoteza data anafunga mlango, analia ndani.

Tena haja yake si ile ya ofisi nyingine. Printa ya sekretari ikifa, unaleta printa nyingine, kazi inaendelea. Katika maabara si hivyo. Ipo mashine moja ya kupima metali, ambayo chuo kizima kinaitegemea. Imeungwa kwa waya na kompyuta ya zamani ya Windows XP, ile ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Ukinunua kompyuta mpya, programu ya mashine haiwezi kufanya kazi humo, na hata tundu la kuchomeka waya ule halipo. Kwa hiyo hatuwezi kuibadilisha, na hatuwezi kuiacha ife. Kila mwanafunzi anayetaka matokeo anakuja na flashi yake, anaichomeka, anachukua namba na kuacha virusi.

Nilikaa na mashine ile siku tatu. Niliitoa kwenye mtandao kabisa. Nikanakili diski yake yote kwenye diski ya pili, ili diski ya kwanza ikifa siku moja, ya pili iingie mahali pake na kazi isisimame. Nikaweka flashi moja tu, nimeipaka rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, nikaandika ukutani kwamba hiyo ndiyo pekee inayoruhusiwa, na lazima ipite kwenye kompyuta yangu kwanza. Tangu hapo mashine haijaugua. Haikugharimu hata nusu ya kompyuta mpya. Kilichohitajika ni fundi aliyepewa siku tatu za kukaa na mtafiti, amsikilize, aelewe mashine yake inafanya nini. Siku hizo tatu niliziiba, Mheshimiwa. Nilitakiwa kuwa kwenye uandikishaji.

Kuhusu umeme nitasema kidogo, maana wote tunauishi. Waya mkubwa wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilometa 1,700 hivi, uliletwa mwaka 1982 kwa ajili ya migodi ya kwetu huku, na bado maabara zetu zinakatiwa umeme kwa zamu na bila zamu. Sikuombi umalize delestaji ya nchi. Naomba betri. Umeme ukikatika ghafla wakati faili linaandikwa, faili linaharibika. Ukirudi, mara nyingi unarudi kwa nguvu iliyopitiliza, na hapo ndipo vyuma vinaungua. Ndiyo sababu tunatumia ondilere, kifaa kinachoshika umeme kwa dakika kumi au kumi na tano ili mtu ahifadhi kazi na kuzima taratibu. Sasa nenda stoo yetu ya nyuma. Utakuta ondilere zimerundikwa hadi dirishani, zimeandikwa "mbovu". Nilizifungua moja moja. Nyingi hazina ubovu wowote ila betri iliyokufa, betri ndogo ya volti 12, ambayo kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto huipunguzia umri. Unafungua skrubu nne, unatoa ya zamani, unaweka mpya. Lakini katika bajeti kuna mstari wa kununua vifaa vipya, hakuna mstari wa betri. Basi tunasubiri mfadhili alete ondilere mpya, tunaitumia mpaka betri yake ife, tunaipeleka stoo.

Na virusi vya flashi! Hapa moyo unaniuma kwa sababu ni jambo dogo mno. Mtafiti anafungua flashi, anakuta kila folda imegeuka kuwa kijialama cha njia ya mkato, hakuna kinachofunguka. Anakimbilia kijana wa mjini, kijana anamwambia "tuiformati", analipwa, anafuta kila kitu. Mara nyingi mafaili yalikuwa bado yapo! Kirusi kile huwa kimeyaficha tu. Amri moja ya mstari mmoja inayafunua yote. Nimeifanya mbele ya maprofesa wazima, nikaona mtu mwenye mvi anashika kichwa kwa furaha. Wangapi hawakunifikia kwa sababu hawakujua niko jengo gani?

Sasa neno ambalo pengine hukuambiwa. Watafiti wetu wanaomba makala kwa marafiki wa Ulaya, au wananunua mega za intaneti kwa pesa za chakula wakitafuta nakala za bure usiku kucha. Lakini upo mpango wa Research4Life, unaozifungulia taasisi za nchi maskini majarida na vitabu vya utafiti kwa bure au kwa bei ndogo. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Ya kilimo, AGORA, ilifuata chini ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2003. Kongo yetu imo katika kundi A, yaani taasisi zake zikijiandikisha haziombwi hata faranga moja. Chuo chetu kilijiandikisha. Nenosiri lilikuwepo. Alilijua mwenzetu mmoja, kijana hodari sana, aliyefanya kazi hapa miaka sita bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, akiishi kwa posho ya chuo inayokuja mwezi huu na kukosa miezi miwili. Mgodi mmoja wa upande wa Kolwezi ukamwita. Akaenda, nani angemzuia? Mke wake alikuwa na mimba ya tatu. Nenosiri aliliacha kwenye karatasi, karatasi imepotea, na anwani ya barua pepe iliyotumika kujiandikisha ilikuwa yake binafsi. Leo maktaba haina funguo za nyumba iliyopewa bure.

Ndiyo maana nimeanza na Mama CT na nikafika kwa kijana huyu. Ni shida moja. Mwaka jana kompyuta mpya zilipofika tulipiga makofi, picha zikapigwa, na zilistahili. Zilikuja bila mtu wa kuzitunza, na bila leseni, kwa hiyo watu wakaweka programu za wizi ambazo zenyewe zina virusi ndani. Nyingine bado zina Windows 10, ambayo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Programu za bure na halali zipo: R kwa takwimu, QGIS kwa ramani, LibreOffice kwa kuandika. Nimewafundisha watafiti wachache, jioni, baada ya saa za kazi. Wanaozizoea hawataki kurudi walikotoka. Ila mimi ni mmoja.

Ninachokuomba, Mheshimiwa Rekta, ni watu kwanza. Uteue mafundi wawili ambao kazi yao ni watafiti tu, wawe chini ya Katibu Mkuu wa utafiti, wasiguswe wakati wa uandikishaji wala delibereshoni. Wawe na chumba kinachojulikana na daftari la kuandika kila shida iliyoletwa, ili siku ukiuliza pesa zinakwenda wapi nikuonyeshe. Vijana wanaofanya kazi hii bila mshahara, faili zao zipelekwe Kinshasa, na zifuatiliwe mpaka majina yao yatoke. Najua jambo hilo haliko mikononi mwako peke yako. Sauti yako huko lakini si sawa na yangu.

Kisha tupate mahali pa kuhifadhia: kompyuta kubwa moja yenye diski za kutosha katika jengo letu, na nyingine kama hiyo katika jengo la mbali, zinakiliane kila usiku umeme ukiwepo. Si lazima ziwe mpya. Mbili kati ya zile za mwaka jana zingeweza kuanza kazi hiyo. Na anwani za barua pepe za chuo zifufuliwe, ili akaunti kama ile ya Research4Life iwe mali ya ofisi, asiondoke nayo mtu yeyote, hata mimi.

Mama CT amerudi mashambani na sampuli mpya. Amenunua diski nyingine, ya tatu. Kila Ijumaa jioni anapita ofisini, ananiachia nakala kwenye droo yangu, naifunga kwa ufunguo, naenda nyumbani Katuba na ufunguo mfukoni. Hiyo droo, kwa sasa, ndiyo hifadhi ya utafiti ya chuo chetu.

Mvua za kwanza zinakuja na radi zake mwezi wa kumi na moja. Orodha ya betri zinazohitajika, na idadi yake kwa kila jengo, nimeiacha tena kwa sekretari wako. Ni ukurasa mmoja. Zikifika kabla ya radi, nitazifunga mwenyewe, hata usiku.

Kwa heshima,

Fundi wa kompyuta, jengo la maabara, ghorofa ya chini, mlango wa mwisho