Kwa wanangu wa ofisini: hilo neno urasimu

Wanangu mlioanza kazi za ofisi mwaka huu,

Asalaam aleikum. Juzi nimeketi Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, nikamsikia kijana akiwaita nyote "warasimu". Mmoja wenu alikuwa akipita, akanuna. Nikaona niandike, maana neno hilo nalijua kwa maana na kwa miguu yangu.

Asili yake ni Kiarabu, rasm: kuchora, kupiga mstari. Huko ndiko ilikotoka "rasmi", na "rasimu" pia, ile tuliyobishania barazani hadi ikawa katiba ya Kenya mwaka 2010. Waarabu wakisema rusum, wanakusudia ada. Hapo chekeni wenyewe. Basi rasmi si tusi. Daftari likiandikwa sawa, shamba la yatima haliliwi. Urasimu ni pale mstari unaposhikiliwa na sababu yake imeshasahauliwa.

Nilivuka maji hadi Mokowe, upande wa bara, kutafuta leseni ya dau langu. Kwenye kipande, yaani kitambulisho, mimi ni Abdallah. Leseni ya zamani imeandikwa Abdalla. Karani akaigusa ile h kwa ncha ya kalamu. "Mzee, hawa ni watu wawili. Ndoo kesho." Mara tatu nikalipa nauli, mwenye dau napanda boti ya watu, na mara ya mwisho nimebeba hati ya kiapo, nimeapa mbele ya wakili kwamba mimi ni mimi. Na yule kijana hakuniomba hata shilingi. Kiti alinipa. Ndiyo maana nasema urasimu si hongo. Wala si ukiritimba, ambao hasa ni mtu kuhodhi jambo peke yake, ingawa magazetini maneno hayo mawili hupishana kama ndugu. Mla rushwa anajua ameiba. Mrasimu hulala usingizi mzuri.

Basi akija mzee aliyepungukiwa na h, mwandikieni siku ile ile karatasi zote anazotakiwa kuleta, msimtolee moja moja kama dawa ya kikohozi. Na fomu ikiwa ya Kiingereza, msomeeni kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya katiba imezitaja lugha zote mbili kuwa rasmi. Rasmi, mmesikia?

Leseni yangu nimeipata Alhamisi. Wameandika Abdala, l moja.

Ni mimi mzee wenu,
Amu