Mpiga dramu naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe jambo moja kwenye makala ya bendi za Uingereza za miaka ya 60 mliyoichapisha Jumapili iliyopita. Niliisoma mara mbili, nikaikata na kuihifadhi. Lakini alipofika kwa The Zombies, mwandishi wenu aliandika kwamba walivuma kidogo kisha wakachuja. Nimepiga dramu miaka 31 katika bendi za dansi hapa Tanga na Dar es Salaam, na habari za vijana wale nimezifuatilia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Hawakuchuja. Waliachana kwa ukata, na ukata wenyewe ulikuwa wa watu watatu kati ya watano.

Walikuwa wanafunzi wa St Albans, kaskazini mwa London. Walipokutana mwaka 1961, Colin Blunstone alikuja na plasta usoni kwa sababu alikuwa amevunjika pua kwenye raga. Yeye alikuwa apige gita, na Rod Argent aimbe. Wakati wa mapumziko Argent akakaa mbele ya kinanda kilichokuwa ukumbini na kukipiga, wenzake wakabaki wameduwaa; Blunstone naye akaimba kidogo, wakabadilishana kazi palepale. Paul Atkinson alikuwa na gita, Hugh Grundy dramu, na Chris White akaja kushika besi baada ya mpiga besi wa kwanza kwenda kusomea udaktari.

Mwaka 1964 walishinda shindano la bendi huko kwao Hertfordshire, wakapata mkataba na kampuni ya santuri ya Decca, na mwezi Juni wakarekodi "She's Not There". Usiku ule fundi mitambo alikuwa amelewa hata ikabidi apakiwe kwenye teksi, na kijana msaidizi wake, Gus Dudgeon, ndiye aliyeimalizia kazi. Wimbo ukafika namba 12 Uingereza na namba 2 Marekani.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wasikilize dramu. Grundy hapigi mdundo wa kwenda sawa kama bendi nyingi za wakati ule. Anaukata, anauacha unining'inie, halafu anaudaka mwimbaji anapovuta pumzi. Na walipokuwa wanachanganya sauti za santuri ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, aliongeza dramu nyingine juu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana matoleo ya stereo, yaani ya njia mbili, ambayo hayana dramu hiyo ya nyongeza, huwa yamepwaya. Mimi niliupata kwenye santuri ndogo, nikainunua kwa baharia mmoja pale bandarini. Niliirudia hadi sindano ikaanza kuruka, huku napiga kwa vijiti juu ya godoro nisimwamshe mama.

Sasa tuje kwenye fedha. Nyimbo zilizowapa jina zilitungwa na Argent, na nyingine nyingi na White. Wimbo ukipigwa redioni, mrabaha wa utunzi unamwendea mtunzi. Blunstone, Atkinson na Grundy wao walitegemea malipo ya maonyesho, ambayo yalizidi kupungua. Mwaka 1967 walikwenda Ufilipino, wakakuta maelfu ya watu wanawasubiri Manila, lakini malipo yao yalikuwa madogo mno kwa umati ule. Mwaka huohuo waliingia studio za Abbey Road kurekodi albamu yao kwa bajeti ya pauni 1,000. Fedha zikaisha kabla ya kutengeneza toleo la stereo, na Argent na White wakatoa pauni 200 za mfukoni. Wale watatu wasingeweza kutoa hata wangetaka. Atkinson alikuwa na ndoa changa. Mwezi Desemba mwaka huo wakaagana.

Albamu ikatoka 1968 bendi haipo tena. Blunstone alikwenda kufanya kazi kwenye ofisi ya bima. Akiwa huko, wimbo wao "Time of the Season" ukaanza kupanda Marekani, na mwaka 1969 ukafika namba 3. Mapromota wakaona mwanya, wakazungusha Zombies bandia mjini hadi mjini. Kundi mojawapo lilitoka Texas, na ndani yake walikuwamo Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye walikuwa katika ZZ Top, bendi ya roki ya Marekani. Watu wakalipa kiingilio kuusikia mdundo wa Grundy kutoka mikononi mwa mtu mwingine.

Jambo hili linanigusa, Mhariri. Mwaka 1979 bendi yetu ilirekodi wimbo mmoja katika studio ambayo sitaitaja. Nilikaa usiku kucha kutafuta zile dramu za kuanzia, kabla magita hayajaingia. Nililipwa posho ya siku moja, basi. Mwezi uliopita nilikuwa harusini, Ngamiani, sahani ya pilau mapajani, wimbo ukapigwa. Wanawake walinyanyuka kwa zile dramu, mwimbaji hajafungua mdomo. Mpwa wangu akanishika bega akaniuliza, "Mjomba, si mkono wako huo?" Nilishindwa kumjibu. Mtunzi wetu sina kinyongo naye. Alikuwa rafiki yangu, na alichopata alistahili. Ila jina langu halimo popote, wala la mpiga tumba, wala la mpiga rizimu.

Machi 2019, huko Brooklyn, New York, The Zombies waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Atkinson alikuwa amekwishafariki, mwaka 2004. Wanne waliobaki walikuwapo wote, Grundy akiwa mmojawao.

Mmeahidi sehemu ya pili ya makala Jumapili ijayo. Naomba mwandishi aanze kwa kuweka majina yote matano na chombo cha kila mmoja. Na atakapofika kwenye bendi zetu, ninayo daftari yenye majina ya wapigaji wa nyimbo kama 60 tulizorekodi Tanga, nani alipiga nini na siku gani. Nitaileta mwenyewe ofisini kwenu, mradi nirudishiwe.

Mpiga dramu mstaafu,
Tanga